Betri yangu ya zamani inawasha pikapu ya shemeji, gari langu linagonga tu

Shangazi,

Habari za kazi. Mimi ni mjane mwenye watoto watatu. Naishi Tororo na kazi yangu ni kuuza vitenge Malaba, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya. Marehemu mume wangu aliniachia Toyota Premio. Tulilinunua wote wawili, nusu pesa zake na nusu za vitenge vyangu. Tangu alipofariki nimempa kijana mmoja alitie kazini. Anabeba abiria wa kukodi kati ya Tororo na Malaba, siku nyingine anafika Mbale. Ada za watoto zinatoka humo.

Mdogo wa mume wangu ni makanika, ana gereji hapa mjini. Sipendi kumsema vibaya, maana wakati wa msiba alisimama nami. Alilipia turubai na viti, na wazee wa ukoo walipoanza kuulizia kiwanja ni yeye aliyewanyamazisha. Kwa hiyo gari likisumbua naenda kwake, sijawahi kuuliza bei kwingine.

Mwaka huu mvua za Machi zilipoanza, gari nalo likaanza. Asubuhi dereva anazungusha ufunguo, linalia ta-ta-ta-ta haraka haraka, taa za dashibodi zinafifia, haliwaki. Ni otomatiki, kusukuma hakusaidii, mpaka aombe gari la jirani limpe moto kwa waya. Shemeji akaja, akasema betri imekufa. Nikatoa shilingi 380,000, akaweka mpya, akaondoka na ile ya zamani. Likawaka vizuri kwa muda, kisha shida ikarudi na mlio mwingine. Sasa ufunguo ukizungushwa linagonga mara moja tu, tak! halafu kimya. Taa zinawaka kama kawaida na redio inaimba. Dereva akirudia rudia huwaka. Likigoma kabisa anafungua boneti, anaigongagonga stata, kile kifaa cha kuzungusha injini ianze, kwa spana, linawaka. Shemeji anasema stata imekwisha, iagizwe ya mtumba kutoka Kiseka, soko la spea la Kampala. Pamoja na kazi yake ni 450,000.

Ningelipa, Shangazi. Lakini juzi juzi dereva aliniita pembeni akaniambia nikaangalie ndani ya pikapu ya shemeji. Nimeangalia. Betri iliyomo ni ile yangu ya zamani. Siwezi kuikosea, kwa sababu marehemu aliandika juu yake tarehe ya kuinunua kwa rangi nyeupe, mwandiko wake mwenyewe. Na pikapu inawaka kila asubuhi, mguso mmoja tu.

Nilimweleza fundi mmoja wa karibu na stendi, akacheka: "Mama, unamnunulia mwenzako spea." Mama yangu mzazi ananiambia kikulacho ki nguoni mwako. Lakini mama mkwe ndiye anayekaa na mtoto wangu mdogo nikiwa sokoni. Nikimgusa mwanawe, mtoto nitamwacha na nani? Nikinyamaza, ada ya muhula wa pili itaingia kwenye stata ambayo huenda haina kosa. Mimi gari nalijua kwa kulipanda tu. Nilipeleke kwa fundi mwingine kimya kimya? Nimkabili shemeji? Au niliuze, nipumzike?

Mwenye Premio, Tororo

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu,

Pole kwa msiba, na pole kwa haya yaliyofuata. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea fundi wa umeme wa magari ninayemwamini hapa Kampala, bila kumtajia mji wako. Mzee huyo si mtu wa maneno. Aliniuliza neno moja: "Walipima?" Nikairudia barua kutafuta jibu. Katika yote uliyoniandikia, ya betri na ya stata, ya shemeji na ya fundi wa stendi, sikuona mahali ambapo mtu ameshika mita ya kupimia umeme.

Naona umebeba shida mbili, ya gari na ya ukoo, na ile betri imezifunga pamoja. Kwa kuwa inaiwasha pikapu, basi ilikuwa nzima. Kwa kuwa ilikuwa nzima, basi shemeji alikudanganya. Na kwa kuwa alikudanganya kwenye betri, habari ya stata nayo ni uongo. Ukiyasema haraka yanakubalika. Naomba tuyapitie polepole.

Kabla ya hapo, kuna sentensi moja ninayoikataa: kwamba gari unalijua kwa kulipanda tu. Umenieleza mlio wa kwanza, mlio wa pili, na jinsi taa zilivyokuwa katika kila mlio. Fundi wangu alisema wateja wake wengi humwambia "haliwaki" wakaishia hapo. Wewe umemletea nusu ya kazi imekwisha fanywa.

Tuanze na ta-ta-ta. Juu ya stata kuna swichi ya sumaku, mafundi wanaiita solenoidi. Dereva akizungusha ufunguo, umeme kidogo unaivuta swichi hiyo, nayo inaunganisha waya mnene wa betri na mota ya stata. Mota ikidai umeme wake mwingi na betri ikawa hainao, nguvu inaporomoka na sumaku inaachia. Ikiachia, mzigo umeondoka, nguvu inapanda, sumaku inavuta tena. Huo mchezo wa kuvuta na kuachia ndio uliousikia, na taa zinafifia kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mwezi Machi gari lilisema kweli: umeme hautoshi. Halikusema kwa nini hautoshi.

Huenda betri ilikuwa imezeeka. Huenda alteneta, inayoichaji betri injini ikiwaka, ilikuwa haichaji sawasawa. Huenda kuna kitu kilichokuwa kikinywa umeme usiku kucha, alamu au redio au taa ya buti isiyozima. Huenda vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa, vilikuwa na ule ungaunga mweupe au wa kijani unaozuia umeme kupita. Katika hayo matatu ya mwisho betri yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, imeishiwa tu au imezibiwa njia. Ukiipeleka gereji ukaichaji usiku, inaamka.

Sasa iangalie pikapu kwa jicho hilo. Inawezekana shemeji aliona gari haliwaki, akasema betri imekufa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa mara nyingi kwenye magari aliyoyashika, akaiondoa, akaichaji, ikarudi, akaitia kwenye pikapu yake. Huyo ni fundi anayekisia, na mafundi wa namna hiyo tunao wengi Uganda hii. Wanabadilisha kifaa hadi gari liwake, na gharama ya kila kisio ni ya mwenye gari. Inawezekana pia alijua tangu mwanzo na akaitaka betri yako. Pikapu kuwaka asubuhi hakutenganishi mambo hayo mawili.

Simsafishi, lakini. Betri ilikuwa mali yako, hata kama ingekuwa imekufa kweli. Betri chakavu ina bei kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo, na wauzaji wengi hukupunguzia ukiwarudishia ya zamani. Alipogundua imeamka alikuwa na neno la kukuambia, na hakukuambia. Hilo ni deni hata kama hakukuwa na uongo.

Na kuna ule mwandiko mweupe. Niruhusu nikuulize: kilichokuchoma ulipofungua boneti ya pikapu ni zile 380,000, au ni kuuona mkono wa mume wako ndani ya gari la mtu mwingine? Kama ni vyote viwili, vitenganishe kabla hujazungumza na mtu yeyote. Aliyeichukua naye ni mdogo wake marehemu. Sijui kama alipouona mwandiko huo aliona betri ya bure au aliona kaka yake. Wewe unaweza kumuuliza, mimi siwezi.

Tuje kwenye tak. Hapa, mwanangu, fundi wangu alinishangaza, maana dalili zako zinaelekea upande wa shemeji. Mlio mmoja wa kugonga, taa hazitikisiki, ukiigonga stata gari linawaka: hiyo ni picha ya umeme unaofika kwenye sumaku lakini hauvuki kuingia kwenye mota. Kwenye stata za Toyota nyingi kuna vipande vya shaba ndani ya solenoidi vinavyoliwa na cheche mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja vinagusa na siku nyingine havigusi. Brashi za kaboni ndani ya mota nazo huisha. Spana ya dereva wako inavitikisa vikagusana. Kwa hiyo shemeji anaweza kuwa amekosea kwenye betri na akapatia kwenye stata.

Ila "stata imekwisha" na "shaba za ndani zimekwisha" ni bei mbili zilizoachana mbali. Fundi wa umeme anayejua kazi anaifungua stata, anabadilisha shaba au brashi, anairudisha. Ulipoambiwa 450,000, je, kuna aliyeifungua akatazama? Na hiyo ya mtumba kutoka Kiseka imetoka kwenye gari lililotembea kama lako, shaba zake zinaweza kuwa zimeliwa vile vile. Kabla ya kulipa, patana inarudishwa ndani ya siku ngapi ikigoma.

Kuna jambo jingine linaloweza kutoa mlio huo huo, na halihitaji spea yoyote. Injini inahitaji waya mnene wa kuirudishia umeme kwenye betri upande wa hasi. Mafundi wanauita waya wa ethi. Ukilegea au ukishika kutu, taa zako zitawaka vizuri tu kwa sababu hazipiti hapo, na mota itakosa. Taa zinahitaji ampea chache, stata inahitaji zaidi ya 100. Anayeweza kubeba kikombe hajathibitisha kwamba atabeba gunia la mahindi. Betri ilipobadilishwa, waya zilifunguliwa na kufungwa tena. Zilikazwa? Kipimo chake ni chepesi. Siku likigoma, dereva achukue ule waya wa kuombea moto, afunge upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma safi cha injini, kisha azungushe ufunguo. Injini ikizunguka, umeupata ugonjwa.

Namba nazo ni za kuandika kwenye kikaratasi. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku, inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.5 au zaidi kidogo. Mimi ningeanza na hii ya mwisho. Kama injini inanguruma na mita inasema 12 na pointi, alteneta haichaji, na betri yako mpya itakwenda njia ya ile ya zamani. Hapo utajua pia kilichotokea Machi. Mita ya kawaida si ghali, na mtu hahitaji kuwa makanika ili asome namba.

Neno kwa dereva wako: kugonga stata taratibu ni msaada wa njiani tu, isiwe desturi. Gari liwe kwenye P, breki ya mkono imevutwa, mtu asisimame mbele. Na asithubutu kuunganisha misumari miwili ya stata kwa spana kama wafanyavyo wengine. Gari likiwa kwenye gia linaweza kuruka likamkanyaga.

Huyo dereva aliyekuita pembeni, nina swali dogo juu yake. Anaelewana na shemeji? Sikuambii umshuku naye, maana alichokuonyesha kilikuwa kweli. Nakuambia tu kwamba mtu anaweza kusema kweli kwa sababu zake. Na yule wa stendi aliyecheka hakufungua boneti, alimwona mteja. Methali ya mama yako ni nzuri, ila haikutaja jina la mtu.

Basi ufanye nini? Njia zako tatu nimezitazama na kila moja ina miiba yake.

Kulipeleka gari kwingine kimya kimya kunakupa macho ya pili, na gari ni lako, huhitaji ruhusa. Lakini Tororo si Kampala. Premio ya marehemu ikionekana kwenye gereji nyingine asubuhi, mchana shemeji ameshaambiwa, na ataambiwa kwa maneno yasiyo yako. Halafu ugonjwa wa kuja na kuondoka una tabia ya kujificha mbele ya fundi mgeni. Anaweza kuzungusha ufunguo, gari likawaka, akakubunia ugonjwa mwingine. Ukichagua hivyo, ninakuona salama zaidi ukienda kupima tu bila kutengeneza, kwa fundi wa umeme, na ukimwambia shemeji mapema: "Nataka lipimwe kwanza, kisha nitakuletea majibu." Atanuna, labda. Kununa si kukatana.

Kumkabili kunaweza kuondoa sumu, au kuiongeza. Inategemea unaanzia wapi. Ukianza na wizi, atajitetea mbele ya mama yake, na hapo mtoto wako mdogo anaingia katikati. Ukianza na mwandiko, mazungumzo ni mengine: "Shemeji, nimeiona betri ya kaka yako kwenye pikapu. Ilikuwaje?" Kisha nyamaza, umpe nafasi. Anaweza kukujibu vizuri, anaweza kukupa fedha ya hiyo betri, anaweza kugeuza maneno. Jibu lake litakueleza mengi kuliko mita, ila ujiandae kwa lile usilolipenda. Na usimsemeshe gereji mbele ya vijana wake.

Kuna njia ya kati ambayo hukuiandika: umwachie kazi hii ya stata, lakini kwa utaratibu mpya. Aifungue mbele yako au mbele ya dereva. Kifaa kinachotoka kirudi mkononi mwako, kila mara, kiwe kibovu au kizima. Bei iandikwe. Wapo mafundi wanaolipokea hilo bila neno, na wapo wanaosema "huniamini". Hatari yake ni kwamba la betri linabaki limefunikwa, na wewe ndiye unayejua kama una tumbo la kulihifadhi. Watu wengine wanaweza. Wengine wanalipuka kwenye karamu ya Krismasi.

Kuuza ndiko kunakonipa wasiwasi, kwa sababu ya neno ambalo hukulitaja. Kadi ya gari ina jina la nani? Kama ni la marehemu, hulihamishi kihalali mpaka mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, au ithibitishe wosia kama aliuacha. Kwa mirathi isiyo na wosia safari hiyo mara nyingi hupitia ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, na kwa kawaida ndugu wa marehemu huitwa wakae kikao. Shemeji huyu huyu anaweza kuwa kwenye kiti. Sheria ya mirathi ilirekebishwa mwaka 2022, mjane ana fungu lake na watoto wana lao, kwa hiyo jambo hili lishughulikie hata kama huuzi, wakati bado mnasalimiana. Na ukiuza sasa, mnunuzi atasikia ile tak na kukukata bei kuliko gharama ya stata.

Ada nayo haisubiri. Kabla muhula haujafunguliwa, zungumza na shule juu ya kulipa kwa mafungu, ili usifanye uamuzi wa gari ukiwa umebanwa na tarehe.

Niandikie tena. Nataka kujua mita ilisoma ngapi injini ikiwaka, na shemeji alisema nini ulipomtajia mwandiko. Na kama kadi ya gari huioni, anza kuitafuta leo jioni, pengine iko kwa mama mkwe.